Upande wa Nyuma wa Barua ya Nassor

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo hunipoa kidole hiki cha mkono wa kulia, kidole nlichokuwa nafuatia mistari. Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka kusali, wameshakula, majamvi yametandikwa uwanjani, na mimi nnaambiwa, "Haya Shinuna, tusomee." Nkasoma. Lakini nlisoma nusu.

Kabla sijafika huko, Ruwaida mjukuu wangu, wewe na wenzio mtakaopewa daftari hili, nisameheni mwandiko. Mimi skuli sikwenda. Nlisoma chuoni Unguja, chuo cha Kurani, nikahitimu, na kwa hati zile za Kiarabu ndivyo nlivyojua kuandika Kiswahili changu. Hizi nnazoandikia sasa nimejifunza ukubwani, kwa kuwaangalia wanangu wakifanya kazi zao za skuli pale mezani huku mimi nachambua mchele. Basi nikikosea mtajua nlitaka kusema nini. Na nikitoka njiani mnisubiri kidogo, ntarudi.

Tulikuwa watu watatu. Mama yangu, kaka yangu Nassor, na mimi. Baba alifariki Unguja, na baada yake tukapanda tukaja Maskati, nchi ambayo babu zetu waliitoka na sisi tulikuwa hatujaiona hata kwa picha. Tukapata nyumba ya makuti Ghubra. Ghubra ya wakati ule si hii ya maduka na skuli mnayoijua nyinyi. Ilikuwa mchanga, mitende ya kuhesabu, na upepo wa baharini unaoingia mpaka ndani ya sufuria, ukila wali unasikia chembe za mchanga menoni. Mama Kiarabu hakukijua. Akenda dukani anaonyesha kwa kidole, akirudi anasema, "Leo nimezungumza sana na mwenye duka," na sisi tunacheka.

Nassor kule Unguja alikuwa akiendesha gari la punda, anachukua mizigo ya watu. Alipokwenda kujiandikisha jeshini aliulizwa anajua kazi gani, akasema, "Najua punda." Wakacheka, wakampeleka kwenye farasi. Kilikuwa kikosi kidogo, askari wa farasi hawakuwa wengi, na yeye alijiona kama amevishwa taji. Wakati ule kusini kulikuwa na vita, watu wa huko na serikali. Mimi mambo ya vita siyajui, sitawadanganya. Nlilolijua ni kwamba mama alimkataza.

Alimkataza siku tatu mfululizo. Siku ya nne Nassor akatoka na kifurushi chake asubuhi, akaja kumbusu mama mkono. Mama akauvuta mkono, akageuka, akaelekea jikoni anachochea moto usiohitaji kuchochewa. Nassor akasimama pale mlangoni na kofia yake mkononi. Mimi nikamwambia, "Nenda kaka, utachelewa." Akenda. Lisahauni lolote katika haya nnayoandika ila hili: alitoka nyumbani bila radhi za mama, na yeye alijua, na mama alijua.

Barua zilikuwa zinakuja kwa mikono ya askari wanaorudi likizo. Ikifika barua haifunguliwi. Inawekwa juu ya sanduku mpaka Ijumaa, halafu majirani wanaitwa, maana kila nyumba ilikuwa na mtu wake kule, na barua ya mmoja ilikuwa habari ya wote. Mimi ndiye nlikuwa msomaji. Bi Zuwena, jirani yetu, alikuwa anakuja na dele lake la kahawa, anakaa karibu yangu kabisa utasema naye anasoma, na yeye hajui alifu wala bee.

Barua ile ilikuwa karatasi moja, imeandikwa mbele na nyuma. Nnaijua kwa moyo. Mbele ilisema hivi:

"Kwa mama yangu mpenzi, Mungu akuweke. Ama baadu, mimi ni mzima, hofu yangu ni juu yenu tu. Nakuarifu kuwa nimepewa farasi jike, rangi yake ya tende zinazoanza kuiva, na jina lake Marjani. Ni mkaidi, nikimwambia kulia anakwenda kushoto, nimemzowea kwa sababu nimelelewa nyumba moja na Shinuna. Mama, huku kusini ukiletwa umefungwa macho utasema umeshuka Pemba. Kuna ukungu na manyunyu mchana kutwa, majani yanafika magotini, na minazi ipo. Siku ya mwanzo nilipouona mnazi nilishuka nikaukumbatia, wenzangu wakaniambia wewe Mzinjibari umeshikwa na wazimu. Nguo hazikauki. Chakula kipo. Wasalimie wote wanaosikiliza, na Bi Zuwena asiimalize kahawa peke yake."

Watu wakacheka. Bi Zuwena akasema, "Mtoto huyu hata vitani ananitazama kikombe." Mimi nikageuza karatasi, nikaona mstari wa kwanza wa upande wa nyuma: "Shinuna, hapa simama. Haya yaliyobaki umsomee mama watu wakishaondoka." Nikasimama. Mpaka hapo sijafanya kosa, nilitii.

Watu walipoondoka nikaenda nyuma ya nyumba kunakofungwa mbuzi, nikasoma peke yangu kwanza.

"Mama, juzi tulikuwa tunapandisha maji mlimani, farasi mmoja nyuma ya mwenzake. Farasi wa mbele akakanyaga bomu lililofukiwa chini ya majani. Aliyekuwa akimwongoza tulikula naye sahani moja asubuhi ile. Tangu hapo mkono wangu wa hatamu unatetemeka, na Marjani anajua, maana hofu ya mtu inamfikia farasi kwa ile kamba. Sikuandikii haya ili nikutie khofu. Nnaandika kwa sababu nilitoka umenigeuzia uso. Naogopa nisije nikafa hali sina radhi zako. Nakuomba uniwie radhi mama, na Shinuna aandike kwa maneno yako mwenyewe, siyo yake, nipate kuyaweka mfukoni. Zamu yangu ya likizo inakuja, lakini jibu ndilo ninalolisubiri."

Nikaikunja. Nikarudi ndani. Mama amekaa juu ya kitanda, mikono magotini, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

"Yamekwisha?" akaniuliza.

"Yamekwisha."

"Na huku nyuma? Mbona kumejaa?"

"Salamu, mama. Majina ya jamaa tu."

Akaniangalia. Akasema, "Haya."

Sasa hapa mwanangu ntasema kweli, kwa sababu nishazeeka na sina wa kumwonea haya. Watu nlikuja kuwaambia baadaye kwamba nlimhurumia mama, moyo wake ulikuwa ukimwenda mbio, wiki mbili nyuma alianguka kisimani aliposikia kijana wa nyumba ya pili ameumia. Ni kweli alianguka. Lakini si hilo tu. Mimi nlikuwa nishaposwa. Babu yenu, Mungu amrehemu, alikuwa keshaleta watu, nikah imepangwa Shaabani, kitambaa cha shela kimo sandukuni. Nkajua mama akiisikia barua ile hapana harusi, hapana ngoma, nyumba itakuwa ya kilio. Nlikuwa na miaka kumi na saba na nlitaka kuolewa. Nikaificha barua chini ya kitambaa kile kile.

Jibu likaandikwa. Mama anasema, mimi naandika. Akasema mwambie alale pahala pakavu. Mwambie akipata soksi avae mbili mbili, miguu ikirowana mtu hupata homa. Mwambie asiwe anamkumbatia kila mnazi anaouona. Nikaandika yote. Nlitaka kuongeza mwenyewe, "mama amekuwia radhi," kalamu ikasita. Nliona ni dhambi kubwa kutunga radhi za mzazi. Ajabu yangu, nliogopa dhambi ile na hii nyingine nimeikalia.

Baada ya wiki tano ikaja barua ya Nassor, fupi kuliko kiganja. "Barua yenu imefika. Nimeisoma mara tatu. Nimefahamu. Wasalaam."

Nikamsomea mama yote, ilikuwa haina cha kuficha. Mama akasema, "Kafahamu nini?"

"Kuhusu soksi, mama."

"Mtu hasomi habari za soksi mara tatu." Akaichukua karatasi akaiweka karibu na macho, yeye asiyejua kusoma. "Mbona mistari imepinda? Zamani mistari yake ilikuwa inakwenda sawa. Shinuna, niambie, mikono yake anayo yote miwili?"

"Anayo."

"Unajuaje?"

Nikachukua ndoo nikaenda kisimani. Tangu siku hiyo nyumba yetu haikukalika. Mama akisikia gari linapita kwenye mchanga anaacha alilonalo, mara unga umo mkononi, mara kichwa kimesukwa nusu, anasimama mlangoni. Akimwona askari yeyote anamfuata na Kiarabu chake cha maneno manne. "Nassor. Farasi. Mzima?" Wale vijana wanatikisa kichwa, hawamjui Nassor gani. Chakula akawa anakipakua anakigawa, chake anawapa kuku. Akawa ananiuliza maswali ya ghafla wakati nafua. "Kama mtu amekatwa mkono, wenzake humwandikia?" "Jeshini wakificha jambo huficha kwa muda gani?" Bi Zuwena akaniita pembeni akaniambia, "Mama yako anakauka mwili. Kuna nini humu ndani?" Nikamwambia hakuna kitu. Shela yangu nlikuwa nnaishona, na kila nikifungua sanduku naiona ile karatasi, nafunga upesi kama mtu aliyeona nyoka.

Ungedhani ningesema. Mimi mwenyewe nlidhani ntasema. Lakini jambo la namna hii, kila siku moja ikipita kulisema kunazidi kuwa kugumu, kwa sababu sasa huungami lile la mwanzo tu, unaungama na siku zote ulizonyamaza.

Siku moja baada ya alasiri akaja kijana mgeni, askari, mrefu, amechoka, jina lake Said. Ana mfuko begani. Akasema Kiswahili, alikuwa amezaliwa bara kule Tabora. "Hapa ndio kwa mama yake Nassor?" Mama alikuwa anapepeta mchele, ungo ukamtoka.

"Mzima, mama, mzima," Said akasema haraka. "Nimemwacha mzima. Mikono miwili, miguu miwili, na maneno mengi." Akatoa mfukoni ubani, na nazi mbili. "Kanipa hizi. Anasema ni za kule, uone mwenyewe kama kweli zina tui."

Mama akazichukua nazi akazitia mapajani, akazishika kama kashika kichwa cha mtoto. Akacheka, akalia, akafuta uso kwa kanga. Halafu akauliza, "Na yeye kwa nini hakuja? Zamu yake si ilikuwa karibu?"

Said akaufunga mfuko wake. Akanitazama mimi. Akamtazama mama.

"Mama, hii nnayotumia mimi ndiyo zamu yake. Kanipa. Nkamwambia, Nassor, usiwe mjinga, nenda ukamwone mama yako. Akaniambia, 'Nimemwomba mama radhi kwa barua, kanijibu habari za soksi. Nikenda ntasimama mlango gani?'"

 Mbuzi alikuwa analia nyuma ya nyumba, nnamsikia mpaka leo.

Mama akaziweka nazi chini, moja moja, polepole. Akaniambia bila ya kupandisha sauti, "Shinuna. Lete barua."

Nikaileta imekunjwa ndani ya shela. Nikasoma upande wa nyuma mbele ya Said, sauti inakatika, na mama ananiambia, "Rudia hapo," nikarudia. Nlipofika kwenye mkono unaotetemeka mama akaushika wake. Nlipomaliza nikangoja aanguke. Hakuanguka. Alikaa wima kuliko nlivyomwona miezi miwili ile.

"Hii ndiyo uliyonificha?"

"Nlikuhurumia, mama."

"Hukunihurumia. Ungenisomea ningelia siku ile, na kesho yake ningemjibu mwanangu. Wewe umeniacha nikae na upande wa nyuma wa karatasi. Unajua mimi nimeusomaje ule upande? Nimeusoma amekatwa mikono. Nimeusoma ameungua. Nimeusoma ameshazikwa na nyinyi nyote mnajua isipokuwa mimi. Kila asubuhi nausoma vyengine." Akavuta pumzi. "Mimi sijui kusoma, nikakuomba macho yako. Sikukuomba unichagulie. Na yeye huko anajua mama yake kamkatalia, kwa sababu yako."

Said akainuka akasema anatoka nje kidogo. Mama akamwambia, "Kaa mwanangu, una kazi." Akaniambia nikalete kalamu. Haya ndiyo aliyoyasema, nami sikuongeza hata nukta:

"Mwanangu Nassor, barua yako nimeisikia leo. Jibu la mwanzo hukupewa kwa kosa la nyumba yangu, si kwa moyo wangu. Mimi mama yako nimekuwia radhi tangu ulipokuwa umesimama mlangoni. Nilikugeuzia uso usinione nalia, ukaondoka na kilio changu. Radhi zangu za dunia na akhera ziko kwako. Njoo nyumbani, mlango ni huu huu."

Said alikuwa na siku kumi. Alikaa tatu. Akasema barua hii haitaki kukaa mfukoni mwake, akarudi kusini.

Hakuwahi. Siku mbili kabla hajafika, Nassor alipanda tena mlimani na maji. Marjani akakanyaga pahala. Farasi alikufa pale pale, na Nassor akapoteza mguu wa kushoto, chini ya goti. Said alimkuta hospitali, akampa barua kitandani. Aliniambia Said mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba Nassor aliisoma, akaiweka chini ya shingo yake, akalala usingizi mzito ambao wauguzi waliuogopa.

Sasa piga hesabu mwenyewe, mwanangu. Siku ile alipopanda mlimani, kwa haki alikuwa awe Ghubra kwetu kwa likizo yake, anakula wali wa nazi zake.

Aliporudi kwa mikongojo nlimwambia yote, na ya harusi pia. Nlimwambia hesabu ile. Akasema, "Nshaipiga, Shinuna. Pale kitandani nlikuwa sina kazi nyengine." Akaegemeza mikongojo ukutani. Halafu akasema, "Ulikuwa mtoto. Lakini usinifiche tena kitu, hata kiwe kibaya vipi." Harusi yangu ilifanyika, siyo Shaabani ile, nyengine. Alikaa kwenye kiti mlangoni akapokea wageni, na farasi hakupanda tena. Na mpaka anakufa, ikiingia karatasi nyumbani, ya skuli, ya hospitali, hata ya umeme, akimpa mtoto amsomee, macho yake yameshachoka, alikuwa anasema maneno matatu tu. "Soma na chini." Watoto walidhani ni mzaha wake.

Ruwaida, mama yangu, Alkhamisi iliyopita ulikaa hapa Hail ubavuni kwangu, ukanisomea kwenye simu maneno ya kaka yako Haitham, huko India alikopelekwa kutibiwa mgongo. "Bibi, anakusalimu, anasema chakula chao pilipili tupu." Nkacheka. Halafu nikaona macho yako yanaendelea kushuka na mdomo wako umesimama. Kidole chako kikasukuma maneno juu, ukasema, "Basi Bibi, yamekwisha." Ukaniuliza kama nimekunywa dawa ya presha.

Mwanangu, sauti ile ni yangu. Ni mimi nliyesema yamekwisha, na kumbe sikuacha kuisikia. Tangu Alkhamisi chai inanipoa kikombeni. Kila nikikaa nausoma ule upande wa chini ulionificha, na nnausoma vibaya. Nimeshampasua Haitham, nimeshampooza, nimeshamzika. Mama yako kaja jana kutoka Mawaleh na matunda, na yeye akaniuliza ya dawa. Mnazidi kuniogopesha kwa huruma yenu.

Ninayokuusieni nyote ni haya. Mtu mzima akikupa jambo umsomee, au umfikishie, mfikishie zima. Mkalishe kwanza, mpe maji, mshike mkono, chagua wakati, hayo ni adabu. Lakini usimchagulie cha kujua. Machozi anayolia mtu kwa jambo analolijua yana mwisho. Na aliye mbali akiomba neno, pengine analingoja kabla ya kupanda mlima wake, usilikalie hata siku moja kwa sababu ya harusi yako wala ya wema wako.

Kesho baada ya alasiri njoo, uje na simu. Ntakuwa nimekaa, dawa nishakunywa. Usome na chini. Kama ameniomba kitu nataka jibu langu limfike kabla hawajamwingiza kwenye chumba cha kupasuliwa.

Na usingoje kesho kwa hili moja, mwandikie sasa hivi, kwa maneno yangu mwenyewe: Haitham, Bibi yako amekuwia radhi kwa uliyoyafanya na usiyoyafanya, huna deni kwangu. Mungu akulaze kwa salama na akuinue kwa salama. Na wewe Ruwaida, na yeyote aliyelisoma daftari hili mpaka hapa chini, radhi zangu mnazo, nimezitoa hamjaziomba, ili asiwepo wa kuzisubiri.